Uhamisho wa Kazi na Sheria Tangu Siku za Kipande

Katika barua zinazoletwa mbele ya chama chetu kila mwaka, hazikosi za watumishi waliopewa uhamisho wasioutaka, na za wengine walioomba kuhamishwa wakakataliwa. Wako wanaowashauri wa kundi la kwanza wakae pale pale, wasiende, mpaka haki itendeke. Ushauri huo umewapotezea watu kazi. Sababu yake haionekani vema pasipo kurejea nyuma.

Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu yetu, mwezi wa Desemba 1901. Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda, na Kisumu ndani yake, likatiwa katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. (Huo nao ulikuwa uhamisho: nchi nzima ilihamishwa na wenyeji wake, wala hapana aliyeulizwa.) Mwaka 1906 ikatungwa Sheria ya Mabwana na Watumishi. Kwa sheria hiyo mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha hakuhesabiwa kuwa amevunja ahadi tu, kama mfanyabiashara asiyeleta mzigo. Alihesabiwa mkosaji, naye aliweza kutozwa faini au kutiwa gerezani.

Kisha kikaja kipande. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka kumi na sita alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi zake, nayo hutiwa katika kikebe cha chuma, aghalabu huning'inizwa shingoni. Bwana asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mtu hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali. Basi kuomba kuhama kulikuwa kumwomba bwana yule yule ambaye mtu ataka kumwacha. Akikataa, safari imekwisha hapo.

Wazee wetu hawakunyamaza. Desemba 1921 walikutana Lundha, katika Gem, wakaanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema, na Jonathan Okwiri, mwalimu, akawa mwenyekiti. Kuondolewa kwa kipande kulikuwa miongoni mwa madai yao. Mwaka 1923, kwa uongozi wa Archdeacon Owen, chama hicho kiligeuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, nacho ni babu wa vyama vingi vya ustawi katika pwani hii ya ziwa. Lakini kipande kilidumu zaidi ya miaka ishirini baadaye, hata sheria ya 1947 ilipoagiza kuandikishwa watu wa rangi zote.

Huko Uingereza jambo lililofanana na hili liliamuliwa mwaka 1940. Mchimba makaa mmoja, jina lake Nokes, alishtakiwa kwa kukosa kazini. Kampuni iliyomwandika ilikuwa imeunganishwa na nyingine kwa amri ya mahakama, na ile mpya ikamdai kama mali iliyonunuliwa pamoja na mashine. Baraza kuu la majaji likakataa. Lilisema kwamba mtumishi hahamishwi toka bwana huyu kwenda kwa bwana yule pasipo ridhaa yake, kwa kuwa uhuru wa kumchagua bwana ndio unaomtenga mtumishi na mtwana. Mkataba wa kimataifa wa 1939 juu ya mikataba ya wafanyakazi wenyeji ulikuwa umekwisha kutaka ridhaa kama hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hukumu ya Nokes yamlinda mtu asibadilishiwe bwana. Haimlindi asibadilishiwe mahali. Reli na Bandari za Afrika Mashariki, zilizoundwa mwaka 1948, zilikuwa na mwajiri mmoja kwa nchi tatu. Karani aliyetolewa Kisumu akapelekwa Mwanza au Kampala alibaki na bwana yule yule, ingawa mke na watoto walibaki Nyakach.

Walimu walilijua jambo hili kwa njia nyingine. Zamani waliajiriwa na misheni na mabaraza mbalimbali, na masharti hayakulingana. Chama cha Walimu wa Kenya, KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilipigania mwajiri mmoja, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu ikapatikana. Ulikuwa ushindi mkubwa, nami sioni kwamba yupo mwalimu atakaye kurudi nyuma. Lakini mwajiri wa nchi nzima aweza kupeleka mtu popote katika nchi nzima. Mwaka 2018 sera ya kuwapeleka walimu mbali na kaunti zao ilizusha kilio, nyumba zikagawanyika, malalamiko yakafika Bungeni. Na mwaka 2023 wengi wakafunguliwa mlango wa kuomba kurudi.

Na sheria ya leo je? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, yataka mkataba utaje mahali pa kazi, au useme kwamba mtumishi aweza kufanya kazi mahali mbalimbali. Jambo lililoandikwa likibadilika, mwajiri hushauriana na mtumishi na kumjulisha kwa maandishi. Kushauriana si kupata kibali, hata hivyo. Mahakama ya ajira hukubali kwamba kuhamisha ni haki ya mwajiri, nayo huingilia palipo na nia mbaya, ubaguzi, au utaratibu uliovunjwa. Anayeomba kuhamishwa, kwa ugonjwa au kumfuata mwenzi wake, ana haki ndogo zaidi: husikilizwa kwa busara ya mkubwa wake.

Kisha tazameni kifungu cha 44. Kukosa mahali palipowekwa pa kazi, pasipo ruhusa wala sababu halali, ni kosa kubwa liwezalo kumfukuzisha mtu mara moja. Huyo ndiye mjukuu wa lile kosa la 1906. Gereza limeondoka, utoro umebaki. Barua ya uhamisho ikisha kutoka, mahali palipowekwa ni kule kupya, na anayebaki Kisumu akingoja haki amehesabiwa mtoro hata akifika ofisi yake ya zamani kila asubuhi saa mbili kasorobo. Aliye na kesi huandika pingamizi lake siku ile ile, na huiomba mahakama kabla ya siku ya kuripoti isimamishe uhamisho mpaka shauri lisikizwe. Akiipata amri hiyo aweza kubaki. Asipoipata, huenda kule alikopelekwa, na shauri lake laendelea yeye akiwa kazini.