Kuku kachanjwa, bado anakufa: Msongo unavyoishusha kinga

Kuku wamesafiri usiku kucha wakiwa wamebanana kwenye matenga. Asubuhi wanashushwa bandani, jua limeshaanza kuchoma, na mchana huohuo wanapewa chanjo ya kideri. Wiki chache baadaye ugonjwa unapita, banda linabaki tupu, na lawama zote zinamwangukia muuza dawa.

Ni kweli, dawa inaweza kuwa imeharibika, hasa kama ilikaa kwenye joto. Lakini kuna mtuhumiwa mwingine asiyetajwa sana: msongo.

Kuku akipata kiu, joto kali au akikamatwa kwa fujo, ubongo wake huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo karibu na figo. Ndani ya dakika chache, homoni iitwayo kotikosteroni hupanda kwenye damu. Hapo hakuna ubaya. Homoni hiyo huongeza sukari kwenye damu ili kuku apate nguvu ya kujiokoa.

Balaa ni pale inapokaa juu siku baada ya siku. Mwili huweka pembeni kila kisicho cha dharura, na kinga ni mojawapo. Mtetea hupunguza kutaga, au huacha kabisa. Chembechembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti hupungua. Kuku wadogo huumia zaidi, kwa sababu kifuko cha Fabricius, kilicho karibu na tundu la kutolea kinyesi, husinyaa. Humo ndimo hukomaa chembe zinazotengeneza kingamwili. Chanjo ikiingia wakati huo, inakuta jeshi dogo.

Si kuku pekee. Mwaka 1936, Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal, Kanada, alieleza kuwa panya waliopitishwa kwenye mateso tofauti walikutwa na mabadiliko yaleyale: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi imenywea, tumbo lina vidonda.

Kwa mfugaji, hesabu iko kwenye ratiba. Kuku wachanjwe wiki kadhaa kabla ya safari, au wakifika wapumzike kwanza siku kadhaa, wale, wanywe maji safi. Chanjo itolewe asubuhi na mapema au jioni. Kuku hana tezi za jasho, hujipoza kwa kuhema. Ukiona wengi wamepanua midomo na kutanua mabawa, irudishe chanjo kwenye friji kabla hujaifungua.