Lulu zote hizo zilivuliwa wapi?

Haya wasomaji, leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu lulu. Najua mtashangaa. Mimi naandika haya nikiwa Moi's Bridge, ambako kitu cha thamani ni gunia la mahindi, na kuifikia bahari ni safari ya siku nzima kwa basi. Lakini vumilieni kidogo, mtaona zimefikaje huku.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kijana wa jirani anayesomea historia chuoni. Alikuwa na kurasa chache za Kijerumani kuhusu misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na Kijerumani hakijui. Mimi nilikuwa nimeandika kiprogramu kidogo: unaingiza neno la Kijerumani, kinakutolea la Kiswahili. Nikampa akitumie. Baada ya wiki mbili akarudi amenuna. Insha yake ilisema kwamba wapagazi walibeba mizigo ya lulu hadi bara, na kwamba pembe za ndovu zilinunuliwa kwa lulu. Mwalimu wake alikuwa ameandika pembeni swali moja tu kwa wino mwekundu: lulu zote hizo zilivuliwa wapi?

Nikafungua faili langu la maneno. Kosa lilikuwa pale, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe: Perle = lulu.

Si uongo. Ila Perle ya Kijerumani ni lulu na pia ni ushanga. Perle ya Kifaransa ni hivyo hivyo. Hata gyöngy ya Kihungari na helmi ya Kifini, lugha zisizo na undugu na Kijerumani, zinabeba vitu vyote viwili. Kiswahili kinavitenga: lulu ni lulu, ushanga ni ushanga. Programu yangu ilikuwa na nafasi ya jibu moja tu, ikachagua lulu.

Na tofauti hiyo si ndogo. Ushanga uliopelekwa bara ulikuwa wa kioo, na mwingi ulitengenezwa Venice. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari ya maziwa makuu, aliorodhesha aina zake nyingi, kila moja na jina lake na wateja wake. Mwekundu uliitwa samesame. Watu wa bara walichagua rangi, na mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyopendwa alikaa na mzigo wake. Ukiandika lulu mahali pa ushanga, mpagazi anakuwa amebeba hazina ya sultani, na mwenye pembe anaonekana amelipwa vito. Mstari mmoja katika faili langu ulikuwa umebadilisha bei ya pembe za ndovu!

Nilipoanza kurekebisha, nikajikuta nachimba zaidi. Huko Ulaya neno hili lina koo mbili kubwa.

Ukoo wa kwanza ni wa Wagiriki, margarites, neno ambalo inaelekea nao walilipata mashariki, upande wa Uajemi. Warumi wakalichukua kama margarita. Waromania hadi leo wanasema mărgăritar. Waingereza wa kale walilisikia vibaya wakalifanya meregrot, yaani punje ya bahari. Hapo nilicheka, kwa sababu sisi watu wa mahindi tungelielewa mara moja.

Ukoo huo uko nyumbani kwenu pia. Kila familia ya huku ina Margaret wake. Kwetu ni shangazi. Margaret maana yake ni lulu. Rita, Greta na Margot ni vifupisho vya jina hilo hilo. Kwa hiyo Margaret wa Kitale na Lulu wa Lamu ni wajina, ingawa huenda hawajui. Na asubuhi ukipaka mkate majarini, unapaka lulu. Mwaka 1813 mkemia Mfaransa Chevreul alipata asidi iliyong'aa kama lulu, akaipa jina kutokana na neno hilo la Kigiriki. Mwaka 1869 Mfaransa mwenzake, Mège-Mouriès, akatengeneza siagi ya bei nafuu, nayo ikarithi jina hilo. Sisi wengi huiita Blue Band tu, hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Halafu kuna marijani. Waaramu walilichukua neno la Kigiriki, Waarabu wakalipokea likiwa marjan, na pwani yetu ikalipata kwa Waarabu. Njiani maana ilihama: Kigiriki ilikuwa lulu, kwetu ni tumbawe jekundu la mapambo. Lulu yenyewe tumeipata moja kwa moja kutoka Kiarabu, lu'lu'. Na msidhani Ulaya haikuazima kwa Waarabu. Wahispania na Wareno wana neno aljófar, lulu ndogo ndogo, linalotokana na jawhar ya Kiarabu. Ndiyo hiyo hiyo johari yetu.

Ukoo wa pili ni wa perla. Wataalamu wengi wanaurudisha kwenye perna ya Kilatini, yaani paja la nguruwe! Kulikuwa na chaza mwenye umbo kama la paja, akaitwa hivyo, na jina likahamia kwenye kito. Waitaliano na Wahispania wakapata perla, Wapolandi perła, Wafaransa perle. Kifaransa kikavuka bahari hadi Uingereza baada ya mwaka 1066, na punje ya bahari ikasahauliwa, ikawa pearl.

Wenzangu wa kompyuta hapo wameshanusa jambo. Larry Wall alipotoa lugha yake ya programu mwaka 1987 alikuwa amefikiria kuiita Pearl, kwa kukumbuka ule mfano wa lulu ya thamani katika Injili ya Mathayo. Kumbe tayari kulikuwa na lugha ya Wajerumani iitwayo PEARL. Akaondoa herufi moja, ikawa Perl. Na mwaka 1993 Mjapani Matsumoto alipotafuta jina la kito kwa lugha yake mpya, mezani kulikuwa na majina mawili, Coral na Ruby. Akachagua Ruby. Tulikosa kidogo tu kuwa na lulu na marijani ndani ya kompyuta moja.

Sasa turudi Moi's Bridge. Mji huu zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi na mwindaji aliyeweka daraja juu ya Mto Nzoia. Mto haukuhama, jina ndilo lililohama. Kwa marijani ni kinyume: jina lilibaki, kitu kikabadilika. Na kwa Perle, jina ni moja na vitu ni viwili. Anayetunza orodha ya maneno lazima akumbuke hali zote tatu. Faili langu sasa linaruhusu neno moja kuwa na majibu mengi, na panapokuwa na shaka linamuuliza mtumiaji badala ya kujifanya linajua.

Lakini swali la mwalimu halikuniacha. Lulu zilivuliwa wapi? Nyingi zilivuliwa Ghuba ya Uajemi, Bahrain na pwani za jirani. Na katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa wazamiaji wake walikuwamo watu waliotekwa Afrika Mashariki na kuuzwa utumwani huko. Walizama na kuibuka, na lulu zikawa za mabwana. Biashara hiyo iliporomoka mnamo mwaka 1930, wakati wa mdororo wa uchumi duniani na ujio wa lulu za kufugwa za Wajapani.

Kwa hiyo lulu zimo katika historia yetu, ila si mahali programu yangu ilipoziweka. Njia za misafara zilipandisha ushanga bara na kuteremsha watu pwani, na baadhi yao ndio waliokwenda kuzivua lulu. Nilimweleza kijana hayo yote. Insha ameiandika upya, na safari hii swali la mwalimu lina aya yake.

Kwa leo naishia hapa. Msalimieni Margaret wenu.