Kitabu cha Wageni

Juma hili nazungumzia kitabu ambacho hakiuzwi dukani. Ni lile daftari kubwa unalowekewa mezani ukifika gesti, kabla hujakabidhiwa ufunguo: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Wengi hulijaza kwa haraka, wengine kwa uongo. Hata hivyo mimi nalihesabu miongoni mwa vitabu vya historia ya nchi hii, na huko Ngara nimeona kurasa zake zikichanwa kuwashia mkaa.

Gesti yenyewe ni ya familia, vyumba saba, imejificha bondeni upande wa Bugufi. Kuifikia, nilishuka basi la Rusumo pale Benaco nikaingia Hiace. Konda alipanga watu wanne kwenye kila kiti cha watatu, kisha akaongeza mbuzi. Njia ya huko haijui tambarare: unapanda kilima, unashuka migombani, unapanda kingine.

Benaco ni jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara. Dunia ililisikia mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Ukaota mji wa maturubai. Miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alivuka Kagera papo hapo Rusumo, yeye akielekea Rwanda; baadaye akawa gavana wa koloni hili. Wenzake walijenga boma la Biharamulo, ambalo uzeeni limekuwa mahali pa kulala wageni. Historia nayo ina utani wake.

Mama mwenye gesti alinifungulia daftari la 1994. Kurasa za mwanzo ni wanunuzi wa kahawa na maharage, walimu, mhubiri mmoja. Kuanzia Mei safu ya kazi inabadilika: madereva wa malori, wauguzi, mafundi wa mabomba, waandishi wa habari. Vyumba vilikuwa vitatu tu wakati huo. Marehemu mumewe aliongeza vinne kwa fedha za wageni hao. Tusione haya kulisema. Maafa ya jirani yalijenga nyumba Ngara, kama yalivyofyeka miti yake na kuleta ujambazi, hata kwa miaka mingi mabasi yakawa yanapita mapori ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki.

Lakini ukurasa ulionishika ni wa nyuma zaidi, mwishoni mwa 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakakimbilia kwetu kwa makundi. Wachache wenye chochote mfukoni walilala hapa usiku mmoja au miwili. Wameandika jina. Wameandika kazi. Chini ya "kabila" hawakuandika kitu, mstari baada ya mstari, na chini ya "uendako" vilevile.

Nilimuuliza mama kama polisi waliokagua daftari hawakulalamika. Walilalamika. Mumewe aliwajibu kwamba mwandishi ni yeye, na hakuona sababu ya kumuuliza mtu swali lililomkimbiza kwao. Alikuwa Mhangaza, Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, na Bugufi ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla Wazungu hawajaiacha upande wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wageni wale hawakuhitaji mkalimani. Sheria ilitaka safu ijazwe, najua. Mimi namuunga mkono mzee yule.

Desemba 1996 Serikali pamoja na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Daftari la Januari 1997 lina majina kumi na moja mwezi mzima.

Nimemwomba mama aulizie Nyaraka za Taifa kabla hazijaisha. Amekubali, ingawa nauli ya kuzifikisha hana. Kwa sasa madaftari ya 1993 na 1994 yamefungwa kwenye gunia la nailoni juu ya kabati. La 1995 limebaki nusu.