Tao Husimama kwa Mabega

Mtu akikuonyesha tao la mawe, kidole chake huenda juu katikati, kwenye jiwe la kilele. Eti hilo ndilo linaloshikilia mengine yote. Mimi naona tunalipa sifa kupita kiasi, na kosa hilo linatufanya tusome vibaya hata magofu yetu wenyewe.

Hebu tulitazame tao kuanzia chini. Kuna nguzo mbili, au kuta mbili. Juu yake hukaa mawe ya mabegani, pale mkunjo unapoanza. Kisha hupandana mawe yaliyochongwa kama kabari, hadi pande mbili zikutane. Wakati wote huo mzigo umebebwa na kiunzi cha mbao. Jiwe la mwisho likiingia, kiunzi huondolewa na mawe huanza kubanana. Lakini mzigo hauendi chini tu, unasukuma na kando pia. Pasipo ukuta mzito wa kuuzuia, mabega hutanuka na kilele huanguka, hata kiwe imara namna gani.

Ukitaka ushahidi, nenda Kilwa Kisiwani. Matao ya Msikiti Mkuu yana ncha juu, na tao la namna hiyo halilazimiki kuwa na jiwe la katikati: pande mbili zaweza kuegemeana tu. Sehemu ya kale ya msikiti ilikuwa na paa lililobebwa na nguzo za mbao. Katika karne ya 14 msikiti ulipanuliwa, kwa nguzo zilizochongwa kila moja katika kipande kimoja cha matumbawe. Paa la sehemu hiyo likaanguka. Karne ya 15 mafundi walirudi na nguzo za pembe nane, za vipande vya mawe na chokaa, wakazifunika kwa matao, kuba na dari za mviringo. Humo ndani tao husukumana na tao jirani, nguvu zikapungua. Zinazobaki huishia kwenye kuta za nje.

Ndiyo maana naogopa nikisikia mtu akisema ukuta fulani wa gofu ni kifusi tu, hauna pambo, mawe yake yachukuliwe yakajengee kwingine. Huenda ukuta huo usio na sura ndio bega la tao linalopigwa picha na kila mgeni. Ukiuondoa leo, tao halianguki leo. Litatanuka kidogo kidogo, ufa utafunguka kileleni, nasi tutalilaumu jiwe la juu.

Historia ya Kilwa nayo tumeizoea hivyo hivyo, sultani baada ya sultani, vilele vitupu. Waliovunja matumbawe, waliochoma chokaa na waliokata mbao za kiunzi hawana majina. Kazi yao ndiyo ingali imesimama pale, na kuilinda kunaanzia kwenye kuta ambazo hakuna anayezitazama.