Jumamosi ya Ewostatewos

Kila ubishi wa Sabato unapozuka huku kwetu, madai mawili hayakosi. La kwanza, kwamba kuitunza Jumamosi ni jambo la Kimarekani, lililoingia na wamisionari wa Kiadventista waliofika Upare mwaka 1903. La pili, kwamba Kaisari Konstantino ndiye aliyeihamishia Sabato Jumapili mwaka 321.

La pili halina uzito. Yustino Shahidi alikwisha kueleza ibada za Jumapili zaidi ya karne moja na nusu nyuma, na sheria ya Konstantino iliwapumzisha mahakimu na watu wa mijini tu. Mkulima aliachwa shambani na jembe lake.

La kwanza ndilo linalonikera, maana linaifuta Ethiopia, iliyoitunza Jumamosi karne nyingi kabla ya wamisionari hao.

Kuna maandishi ya Shamu ya mwisho wa karne ya 4, yanayoitwa Katiba za Mitume, ambayo wabishi wetu hawayagusi. Yanaagiza mtumwa afanye kazi siku tano, kisha apewe nafasi ya kwenda kanisani Sabato kwa ajili ya uumbaji na siku ya Bwana kwa ajili ya ufufuo. Hapo amri ya Sabato ya Kutoka 20, inayotaja uumbaji, imekaa pamoja na ile ya Kumbukumbu la Torati 5, inayotaja utumwa wa Misri, na Jumapili haikunyang'anywa chochote. (Nasi Waswahili, tunaohesabu kuanzia Ijumaa ilipokwisha, siku hiyo ya saba tunaiita mosi!)

Kanuni za namna hiyo ndizo alizozishika Ewostatewos, mtawa wa Ethiopia, pamoja na Amri Kumi. Kanisa la Ethiopia lilikuwa chini ya Aleksandria, na Aleksandria iliiona Jumamosi kuwa Uyahudi. Ewostatewos akaondoka nchini, akapita Misri na Yerusalemu, akafia Armenia mwaka 1352. Wafuasi wake walinyimwa upadri, wakajitenga kwenye monasteri zao za kaskazini, Debre Bizen ikiwa mojawapo. Mwaka 1400 Filipo wa Debre Bizen na wenzake waliitwa mbele ya mfalme Dawit wajibu mashtaka. Wakakataa kuiacha Sabato, wakafungwa. Miaka 4 baadaye mfalme huyohuyo aliwafungua na kuwaruhusu waitunze.

Mfalme Zara Yaqob, mwana wa Dawit, alilimaliza suala hilo mwaka 1450 katika mtaguso wa Debre Mitmaq. Maaskofu wawili Wamisri, Mikaeli na Gabrieli, waliikubali Jumamosi; watawa nao wakakubali kupokea upadri mikononi mwao. Alikuwa mfalme mkali kupindukia, lakini hapa alipatanisha.

Wajesuiti walipokuja kudai kwamba huo ni Uyahudi, mfalme Gelawdewos aliandika ungamo lake mwaka 1555: Jumamosi yao si ya kukataza maji kutekwa na moto kuwashwa, bali ya kutoa Sadaka Takatifu na kula pamoja karamu ya upendo. Mfalme Susenyos, aliyejiunga na Kanisa la Roma, aliipiga marufuku. Mwaka 1632, baada ya damu nyingi kumwagika, alirudisha imani ya zamani, na Jumamosi yake ikarudi nayo.