Dikembe Mutombo: pesa za basketi zilizojenga hospitali Kinshasa

Wapenzi wa basketi wanamkumbuka Dikembe Mutombo kwa kidole chake. Kila alipozuia mpira, alikitikisa mbele ya mpinzani kama mzazi anayemkataza mtoto. Lakini pale Masina, Kinshasa, wagonjwa wengi wanajua kwanza jina la mama yake, Biamba Marie, kwa sababu ndilo liko kwenye hospitali.

Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Akiwa kijana alipenda zaidi futiboli, na basketi aliianza akikaribia umri wa miaka 17. Mwaka 1987 alipata msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, akaenda chuo kikuu cha Georgetown, Washington. Lengo lake lilikuwa kusomea udaktari. Kocha John Thompson alipomwona, kijana mwenye urefu wa mita 2.18, alimwita kwenye timu ya chuo. Udaktari ukaachwa, lakini masomo yaliendelea: mwaka 1991 alimaliza na diploma ya lugha na diplomasia.

Mwaka huo huo timu ya Denver Nuggets ilimchagua, akiwa wa 4 kati ya wachezaji wapya wote walioingia NBA. Mwaka 1994 Denver walifika kwenye michuano ya mwisho wa msimu wakiwa wa 8 upande wa magharibi, wakapangwa na Seattle, waliokuwa wa kwanza. Aliyeshinda mechi tatu ndiye angeendelea. Denver walipoteza mbili za kwanza, kisha wakashinda tatu mfululizo. Katika historia ya NBA, timu ya 8 ilikuwa haijawahi kuitoa timu ya kwanza. Kipenga cha mwisho kilipolia, Mutombo alikuwa amelala chini, ameshika mpira kwa mikono miwili, anacheka kwa furaha. Katika mechi hizo tano alikuwa amezuia mipira 31.

Baada ya hapo alichezea Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York na Houston. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka: 1995, 1997, 1998 na 2001. Alifika fainali mara mbili, mwaka 2001 na 2003, bila kupata kombe. Aliacha kucheza mwaka 2009, baada ya kuumia goti, akiwa na miaka 42 na misimu 18. Alikuwa amezuia mipira 3,289. Ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyemzidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati jina lake lilikuwa juu Marekani, mama yake aliugua nyumbani Kinshasa. Mji ulikuwa katika machafuko, barabara zimefungwa, na familia haikuweza kumfikisha hospitalini. Akafia nyumbani. Mtoto wake alikuwa na pesa ya kulipa daktari yeyote, lakini pesa haikufungua barabara.

Mwaka 1997 Mutombo alianzisha shirika lake la msaada, na kazi kubwa ya shirika hilo ikawa kujenga hospitali. Ilichukua miaka kumi. Gharama ilifika dola milioni 29, na zaidi ya nusu ilitoka mfukoni mwake. Mwaka 2007 hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, ilianza kupokea wagonjwa. Masina ni sehemu yenye watu wengi na kipato kidogo, na ndipo alipotaka ijengwe. Baadaye alijenga shule karibu na Mbuji-Mayi, akaipa jina la baba yake, Samuel Mutombo.

Alifariki Atlanta tarehe 30 Septemba 2024, kwa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Kwa familia zilizokimbia vita hapa mashariki, Masina iko mbali. Lakini kilichomuua Mama Biamba wanakijua: mgonjwa yuko nyumbani, hospitali ipo, na njia haipitiki. Mutombo alijibu kwa kujenga mahali pa kutibiwa karibu na watu, kwa pesa alizozipata uwanjani. Kufungua barabara ni kazi ya walio na mamlaka na walio na silaha, na kazi hiyo bado inawangoja.