Fimbo na Kisahani: Namna Magarimoshi Yalivyolindwa Kwenye Reli za Njia Moja

Reli za tawi, yaani zile zinazochepuka kutoka reli kuu kuelekea miji midogo, aghalabu hujengwa kwa njia moja tu. Magarimoshi ya kwenda na ya kurudi huitumia njia hiyo hiyo, na hupishana stesheni. Ndivyo ilivyokuwa pia reli ya zamani ya kutoka Mombasa, iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Swali kubwa la waendeshaji lilikuwa moja: dereva atajuaje kwa yakini kwamba hakuna garimoshi jingine linalomjia? Nchini Uingereza jibu lilipatikana hatua kwa hatua, na baadhi ya hatua hizo ziligharimu maisha ya watu.

Ishara iliyoonekana kwa mbali ilikuwa mkono uliofungwa juu ya mlingoti. Mkono uliolala sambamba na ardhi ulimwamuru dereva asimame. Ulioinamishwa, au katika miundo ya baadaye ulioinuliwa, ulimruhusu kupita. Usiku, vioo vyekundu na vya kijani vilisogezwa mbele ya taa ya mafuta. Mtunza ishara alivuta wenzo kibandani mwake, na waya mrefu ukausogeza mkono. Nyenzo hizo zilifungamanishwa kwa vyuma, hata isiwezekane kuliruhusu garimoshi kupita ilhali njia imeelekezwa kwingine.

Hata hivyo, mkono ulilinda stesheni tu; haukutosha kulinda maili kadhaa za njia hadi stesheni ya pili. Hapo ilitumika fimbo. Kila kipande cha njia baina ya stesheni mbili kilikuwa na fimbo moja, iliyoandikwa majina ya stesheni hizo. Asiyekuwa nayo hakuruhusiwa kuingia. Kwa kuwa fimbo moja haiwezi kuwa mahali pawili, magarimoshi mawili hayakuweza kukutana njiani. Yalipofuatana kuelekea upande mmoja, dereva wa kwanza alionyeshwa fimbo na kupewa cheti, na wa mwisho akaichukua fimbo yenyewe.

Kasoro yake ilikuwa dhahiri: fimbo ikiwa upande wa pili, garimoshi lilikwama. Baadhi ya njia zilitegemea amri za simu ya maandishi badala ya fimbo. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, amri iliyopelekwa kimakosa iliruhusu garimoshi kuondoka upande mmoja, na jingine likaruhusiwa kutoka upande wa pili. Yaligongana uso kwa uso, na watu wapatao 25 wakafariki.

Baada ya msiba huo, Edward Tyer alibuni mtambo wa visahani, uliosajiliwa mwaka 1878. Mitambo miwili, mmoja kila stesheni, iliunganishwa kwa waya wa umeme. Kisahani kimoja kilipotolewa, mitambo yote miwili ilijifunga, na hakuna kingine kilichoweza kutoka mpaka kile cha kwanza kirudishwe upande wowote. Sasa magarimoshi yaliweza kufuatana bila kungojea fimbo irudi.

Lakini mtambo haukuweza kusoma kwa niaba ya binadamu. Tarehe 26 Januari 1921, katika stesheni ya Abermule huko Wales, dereva wa garimoshi la abiria alikabidhi kisahani cha kipande alichokwisha kukipita. Kisahani hicho kilipita mikononi mwa wafanyakazi, kila mmoja akidhani mwenzake amekikagua, kisha akarudishiwa dereva yule yule. Naye akaondoka bila kuyasoma majina yaliyoandikwa juu yake. Garimoshi la kasi lililotoka upande wa pili lilikuwa na kisahani halali. Watu 17 walikufa, akiwemo Lord Herbert Vane-Tempest, mmoja wa wakurugenzi wa reli hiyo.

Katika njia nyingi, ishara ya kuondokea ilifungamanishwa na mtambo, ili mkono usiruhusu safari kabla kisahani kinachohusika hakijatolewa. Kanuni kuu, hata hivyo, ilibaki ile ile: anayekabidhi na anayepokea, kila mmoja ayasome majina kwa macho yake mwenyewe. Mtambo wa Abermule haukutoa kisahani cha uongo. Waliokosa kukisoma ni watu.